Shangazi Apanda Kitandani

Tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua hospitali, Mbinga nasi tuna altrasaundi, mashine inayochungulia tumbo bila kisu. Juzi niliikuta foleni yake imejaa ukoo mzima kutoka ziwani. Binti yao aliumwa tumbo, na shangazi yake alituhumiwa kumroga. Akithibitika, ahame kijiji.

Binti alipokwisha kupimwa, daktari akawaita mlangoni, nami nikasogea kusikiliza. "Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Atapasuliwa, atapona."

"Tumesikia, daktari," akasema baba mdogo wa binti. "Sasa mashine iseme nani kayaweka."

"Mzee, hii inaona nyongo, figo, ini, hata mimba. Wachawi haiwaoni."

Shangazi akapanda kitandani bila kuitwa. "Nami nipime, mwanangu. Wakishaona tumbo langu, labda watanyamaza."

Daktari akapitisha kifaa, akakunja uso. "Mama, nawe unayo. Tena makubwa kuliko ya binti."

Ukoo ukatazamana. Baba mdogo akakohoa. "Basi mchawi ni mwingine. Mtu hajirogi."

Tume za serikali hukaa miezi zisitoe uamuzi mwepesi namna hiyo. Na wagonjwa wengi nimewaona wakilia kwa majibu ya kipimo. Shangazi huyu ndiye wa kwanza kupiga vigelegele.