Shikamoo za Dada

Dada yangu alikuwa na kifafa. Nilipokuwa mtoto, miaka ya hamsini, zahanati ya misheni hapa Ifakara ilimpa vidonge vya kumeza kila siku. Kuanguka kukakoma, lakini akawa msahaulifu. Alitia chumvi kwenye mboga, akasahau, akatia tena. Alimwamkia mama, akaenda kufagia uwanja, akarudi kumwamkia upya. Majirani walicheka. Mimi nilikereka, tena sana. Mama, mgongo ukimuuma kwa palizi ya mpunga, aliitikia kila mara: "Marahaba."

Mwaka mmoja masika yalizidi, mto ukafurika, barabara ikakatika na vidonge vikaisha. Dada akachangamka. Shikamoo ikawa moja tu, na mboga zikawa tamu.

"Si unaona?" nikamwambia mama. "Vidonge vile ndivyo vilivyokuwa vinampumbaza."

Wiki haikuisha, dada akaanguka jikoni, mkono ukaungua kwenye makaa.

Maji yalipopungua, vidonge vikaja. Asubuhi moja dada alimwamkia mama, akafagia, akarudi.

"Shikamoo, mama."

Mama alifumba macho, kama mtu anayetua mzigo.

"Marahaba, mwanangu."