Sproketi Kubwa na Mwinuko wa Kanisani

Pikipiki niliyokuwa naikimbiza kwenye mashindano ndiyo hiyo hiyo niliyoendea kazini mjini na kumpelekea mama kanisani. Sikuwa na nyingine. Mashindano yalipobaki wiki moja, nilianza kuipunguzia uzito nyumbani kwetu Nkoaranga, mbele ya jiko la mama. Nilifungua keria, vioo vya pembeni na vile vyuma vya abiria kukanyagia. Mbio zenyewe ni fupi, kwenye lami iliyonyooka, na anayechomoka vizuri ndiye anayeshinda.

Fundi wangu wa mjini, mtaa wa Daraja Mbili, alikuwa ameshanifungia sproketi kubwa ya nyuma, lile gurudumu la meno linalozungushwa na cheni.

"Dada, sasa hii inachomoka balaa," aliniambia. "Ila spidi ya barabarani imekufa. Mashindano yakiisha tunarudisha ya zamani."

Jumamosi jioni mama alitoka jikoni akatazama vyuma nilivyotandaza juu ya gunia.

"Na mimi kesho nitakanyaga wapi?"

Nilikasirika, sifichi. Tangu masika yaanze hakuwa amekanyaga kanisani. Kwenye mwinuko wa mwisho pikipiki ilikuwa haiwezi kutupandisha wawili. Ilikohoa ikazima, kwa hiyo siku zote yeye alishuka chini akamalizia kwa miguu. Goti lilipoanza kumsumbua, akaacha kwenda. Bodaboda alizikataa, eti hapandi na kijana ambaye yeye hajui ni wa mama gani. Lakini kesho ilikuwa sikukuu ya mavuno, na alishakata mkungu wa ndizi kwa ajili ya mnada wa baada ya ibada.

"Mkungu nitaufikisha mimi, mama."

"Mkungu sawa. Na mimi je?"

Nikavirudisha vyote, nimenuna, spana inaniponyoka. Aliniletea chai ya maziwa, akakaa kwenye kigoda na kunishikia nati kiganjani, moja moja, akinipa kabla sijaomba. Nilimpenda mno jioni ile, na bado nilinuna.

Asubuhi tulifunga mkungu kwenye keria, mama akapanda nyuma yangu na kitenge chake kipya. Tulipofika chini ya mwinuko akanigonga bega, ishara yetu ya miaka yote: simama nishuke. Nikaingiza gia namba moja. Akagonga tena, kwa nguvu. Kwa ile sproketi kubwa pikipiki ikapanda polepole, haikohoi, tukaipita mibuni ya kahawa, tukawapita majirani zake waliosimama kuvuta pumzi, naye akaanza kuwapungia mkono kama bibi harusi. Mkono mwingine haukutoka begani kwangu.

Pale kwenye uwanja wa kanisa alishuka, akageuka kutazama tulikotoka.

"Nilishajua sitafika tena huku," alisema.

Nikalia mbele za watu. Akanifuta kwa ncha ya kitenge, akawaambia waliokuwa karibu kwamba nimeingiwa na vumbi.

Kwenye mashindano sikushinda, ingawa muda wangu ulipungua na nilijisifu mtaa mzima. Fundi akaitoa sproketi ya zamani kabatini, ameshaisafisha kwa petroli. Nikamwambia airudishe huko huko.

"Dada, utapitwa hata na malori!"

Ni kweli, yananipita. Nikienda mjini pikipiki inalia kama cherehani na mimi nakaa pembeni kuyapisha. Jumapili mama hashuki.