Darubini Kubwa na Bega la Akko

Mwezi uliopita niliingia duka moja la Nairobi kumtafutia mjukuu wangu darubini, na muuzaji akanishangaa. Nadhani alizoea wateja wenye kofia za safari na kamera shingoni, si mama wa makamo mwenye buibui na mfuko wa nyanya. Akaniletea ndogo, nzuri, ya kuvuta mara nane. Nikamwambia nataka ile ya juu kabatini, inayovuta mara ishirini. Akacheka kwa adabu. "Mama, hiyo bila stendi hutaona kitu. Itatetemeka mpaka uchoke." Nikamjibu kwamba stendi ninayo nyumbani. Hakuuliza ni ya aina gani, nami sikumweleza. Wewe nitakueleza.

Nilikuwa darasa la sita mjini Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati mwalimu wetu wa sayansi alipoanzisha chama cha kutazama ndege. Alikuwa mtu wa Meru, mtanashati, hata soksi alizipiga pasi. Watu wa mtaa wetu wa Wabera walimcheka sana. Ndege gani wa kutazamwa, na korongo wanashinda sokoni wakigombea matumbo ya mbuzi? Yeye hakujali. Kila Ijumaa baada ya masomo alitupeleka nje ya mji na madaftari yetu, akatufundisha kuandika tulichokiona na si tulichotaka kukiona. Mimi nilipenda hadi nikawa kero nyumbani.

Kabatini mwake mlikuwa na darubini mbili kuukuu, alizoachiwa na ofisa wa wanyamapori aliyehamishwa. Ndogo ilivuta mara nane, kubwa mara ishirini. Shule ilipofungwa alisema mwenye daftari bora atakwenda nyumbani na moja, achague mwenyewe. Daftari bora likawa langu. Sikufikiri hata kidogo. Nani aende kijijini na nane ilhali ishirini ipo? Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake.

"Hiyo inataka mtu mtulivu," akasema. "Na wewe huwezi kukaa dakika moja bila kujikuna."

Nikaichukua hivyo hivyo. Ilikuwa nzito kama kibuyu kilichojaa maziwa, na njia nzima ya kwenda kwa Akko nilitembea kifua mbele, mkanda umenikata shingo. Akko ndivyo sisi Waborana tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama yake mama, na alikaa na mbuzi wake nje ya mji, ng'ambo ya Burat, yeye na mjomba wangu.

Ah, asubuhi za kwa Akko! Kengele za mbao shingoni mwa mbuzi, moshi wa kuni kavu, harufu ya vibuyu vilivyofukizwa kwa makaa mpaka maziwa yakawa na ladha ya moshi. Lakini mwaka huo nilikuta vibuyu vimeinamishwa, vitupu. Mvua ilikuwa imekataa. Tulikunywa chai ya rangi, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kusaidia kuwainua mbuzi walioshindwa kusimama. Bwawa la karibu lilikuwa limekauka. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kupimwa kwa kikombe.

Mjomba alikuwa ameamua. Baada ya siku mbili angewahamisha mbuzi kwenda mashariki, mwendo wa siku nne. Wanyonge wangeanguka njiani, hilo alilijua. Na Akko, ambaye miguu yake haikuweza tena mwendo huo, angepelekwa mjini akae kwetu, aangalie ukuta wa mabati. Hakuwahi kulala mahali pasipo na mbuzi wake. Hakulia wala hakubisha kwa kelele. Alisema tu kwamba maji yapo karibu, kwa sababu ndege wa maji wanapita.

Hao ndege mwalimu aliwaita firigogo. Ni wakubwa kama njiwa, rangi ya mchanga, na jua likishapanda kidogo huruka makundi makundi kwenda kunywa, wakiitana hewani. Zamani Akko aliwafuata kwa macho mpaka wanaposhuka. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliwasikia wakipita juu ya kichwa chake, basi.

"Mama, ndege iko na mabawa," mjomba akamwambia. "Inaweza kunywa maji mbali sana. Mbuzi itaruka?"

"Dume mwenye watoto analowesha manyoya ya tumbo, anabebea watoto maji," Akko akajibu. "Akitoka mbali, yanakauka njiani. Ukiona tumbo yake imelowa, maji iko hapa hapa."

"Na nani ataona tumbo ya ndege?"

Nikaruka. Mimi! Mimi na ishirini yangu! Asubuhi ile nikapanda kichuguu, nikaiweka machoni, na dunia ikaanza kuruka ruka. Kila pumzi yangu ilikuwa tetemeko la ardhi. Nilimpata ndege, nikampoteza, nikapata kijiti, nikapata wingu. Nilipozoea kidogo jua lilikuwa limepanda, na uwanda mzima ulichemka kama maji ya chai. Nikashuka nikimlaani mwalimu, nikijilaani mimi mwenyewe zaidi, nikitamani ile ndogo niliyoidharau. Mjomba alinipita akaenda kufunga kamba za mizigo. Nililia nikiwa nimejificha nyuma ya zizi.

Akko akanikuta. Akaipapasa darubini kama apapasavyo mbuzi akitaka kujua ana mimba au hana. Akauliza inasumbua nini. Nikamwambia inatetemeka. Akasema basi tutaishika wawili.

Kesho yake, ndiyo siku ya mwisho, tulitoka mapema kabla joto halijaanza. Akko akaketi chini kwenye mwinuko, akasimika fimbo yake ya kuchungia ardhini, akaishika kwa mikono miwili, akaniambia nipige magoti nyuma yake niilaze darubini begani pake. Nilisikia harufu ya siagi kwenye shuka yake. Ndege walipopita aligeuza kichwa, akanyoosha kidevu kuonyesha upande, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akabana pumzi.

Na dunia ikatulia. Kwa mara ya kwanza niliona kile ambacho ishirini iliweza kuona. Kundi lilirudi, dume mmoja akatua kwenye mawe meupe, mbali sana, akasimama wima. Vifaranga viwili vikatoka nisikokujua, vikaingiza midomo tumboni mwake na kunyonya. Tumbo lilikuwa jeusi kwa maji.

"Akko, imelowa!" nikapiga kelele, na bega likashuka, akahema kwa nguvu.

Mjomba alikuja, akapiga magoti, akaangalia. Aliangalia muda mrefu, maskini mama yake akabana pumzi tena na tena. Kisha akainuka, akachukua jembe, akafuata upande walikotoka ndege. Adhuhuri alirudi na matope mpaka magotini. Kwenye kona ya laga, ule mto wetu wa mchanga, chini ya mwamba, kulikuwa na kidimbwi kidogo, na ukichimba kando yake maji yalipanda. Mbuzi walikunywa hapo mpaka mvua ikaja. Akko hakwenda kuangalia mabati.

Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata, na darubini sijui ziliishia wapi. Akko alituacha nikiwa sekondari. Pale kwenye kichuguu changu sasa pana ploti na nyumba za mawe, na vibuyu vimeiachia nafasi mitungi ya plastiki. Nasikitika, sitakuficha. Lakini firigogo bado wanapita.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mjukuu nje ya mji na darubini yake mpya. Ana miaka tisa na anajikuna kunishinda. Alihangaika nayo, akakasirika, akasema muuzaji ametuuzia kitu kibovu. Nikaketi chini, nikasimika fimbo, nikamwambia ailaze hapa. Nikabana pumzi. Kumbe ni kazi! Kifua kinawaka, magoti yanalia, sekunde hazitaki kwisha. Miaka yote hii sikujua Akko alikuwa akifanya nini pale mbele yangu.

Nilitaka kupumua. Nikasikia pumzi ya mtoto sikioni.

"Akko, kaa hivyo hivyo," akaninong'oneza. "Namwona."