Kumlisha Bibi Mjini Seoul

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja nimemshika Bibi yangu mkono katikati ya mji wa Seoul. Baridi inatafuna masikio, lakini mkono wa Bibi umelowa jasho, na mimi najiambia, Shamsa, leo umemuua mama wa baba yako.

Najua unajiuliza, mtu wa darasa la kumi na moja anapata wapi ujasiri wa kuniita mwanangu. Vumilia. Aliyewahi kukabidhiwa bibi yake ugenini, amlishe na amrudishe akiwa hai, amezeeka vya kutosha. Nilirudi Maskati nna mvi moja. Mama anasema ni uzi wa shuka. Mama hakuwepo.

Ilikuwa hivi. Baba alikuwa na mikutano ya kazi kule wiki nzima, skuli zimefungwa, na Bibi alikuwa akisema kila siku kwamba atakufa hajaona kwengine ila Unguja, Maskati na Makka. Tukaenda watatu. Asubuhi ya kwanza Baba, huku anahangaika na tai, akaniambia:

"Wewe ndiye uliyejaza vipindi vya Wakorea kwenye simu. Haya, kazi yako hiyo. Bibi yako ale kwa wakati. Akijidunga sindano yake ya kisukari kisha asile, sukari inashuka, na sukari ikishuka haina mchezo. Umenisikia?"

"Baba, mji huu naujua kama mtaa wa Hamriya kule Maskati."

"Hamriya kwenyewe ulipotea," akasema, akaenda zake.

Sindano yenyewe Bibi hujidunga kabla ya kula. Nyumbani kwetu Bawshar jambo hili halina tabu. Akisikia harufu ya wali anaingia chumbani kwake, anatoka, anakaa, na sinia liko mbele yake. Hakuna anayemuuliza kitu. Mama anammegea samaki, anamsogezea upande wake, basi. Mimi nimeyaona haya tangu nilipoota meno na sikuwahi kuyatazama.

Badala yake nilikuwa na mpango. Siku moja tule kimaskini, siku moja kiwastani, na siku ya mwisho kitajiri, nikirudi skuli niwe na la kumwambia kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake. Umaskini tukaanza nao kwenye duka dogo la kona, mojawapo ya yale yasiyofungwa usiku na mchana. Nikasoma maandishi kwa simu, vya nyama nikaviacha, nikachukua mayai ya kuchemsha, ndizi, na matonge ya wali wa samaki yaliyofungwa kwa kitu cheusi. Tukapanda kwenye viti virefu dirishani kama kasuku wawili. Nikamtia Bibi tonge mkononi.

"Karatasi hii inaliwa?"

"Ni mwani, Bibi."

"Mwani? Kwetu wanaulima na kuupakia kwenye magunia, kumbe wenzetu wanaufungia wali." Akala mawili, akauliza kama wanauza na pilipili. Nikaona kazi yenyewe ni nyepesi.

Siku ya pili tukaenda kwenye wastani. Kuna kichochoro cha samaki wa kuchoma, nilikiona kwenye simu, na kwenye simu kilikuwa karibu. Sasa, sisi watu wa Bawshar hatutembei. Sisi tunapiga honi nje ya duka la chai, kijana anatuletea vikombe dirishani, tunarudisha gari nyuma, tunakwenda. Bibi alitembea siku ile kuliko alivyotembea mwaka mzima, na hakulalamika. Laiti ningelijua zamani kwamba Bibi asipolalamika ndipo pa kuogopa.

Tulipofika, moshi umejaa kichochoro kizima, samaki wanapasuka ngozi milangoni, na ndani kila meza imejazwa visahani vya mboga ambavyo hulipii, ukivimaliza unaongezwa. Bibi akavuta pumzi. "Hawa wanachoma kama watu," akasema, na kwa Bibi hiyo ni sifa kubwa. Akaomba kwenda chooni. Akatoka anafuta mikono. Tukavua viatu, tukakaa chini kwenye kijukwaa cha mbao kilichotandikwa jamvi, meza fupi mbele yetu.

Na hapo, mwanangu, nikafungua mdomo.

"Bibi, utakula samaki?"

"Ah, mie nimeshiba. Kula wewe."

"Kweli?"

"Kula, mama, kula."

Nikaamini. Naapa niliamini. Mwenye mkahawa, mama wa makamo aliyekunja mikono ya sweta hadi viwikoni, akaja, nikamnyooshea kidole kimoja. Akanitazama mimi, akamtazama Bibi, akanyoosha viwili. Nikamwandikia kwenye simu kwamba bibi yangu ameshiba. Akasoma, akatikisa kichwa, akanyoosha viwili tena. Kumbe pale, meza ya watu wawili huagiza sahani mbili, ndiyo desturi yao. Mimi nikaona naibiwa. Nikavaa viatu.

"Twende, Bibi. Wajanja hawa."

Bibi akamtazama samaki mara moja, akanyanyuka.

Tukaingia mtaa wa pili. Vitambaa. Wa tatu, vifungo na zipu, duka baada ya duka, hakuna hata anayeuza karanga. Bibi akawa anabaki nyuma. Nikawa nasimama namngoja, natazama simu, nasogea tena. Mara akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Zeyana, funga mlango, kuku watatoka."

Nikacheka. Bibi ana mzaha wake. Kisha nikakumbuka kwamba Zeyana ni dada yake, alikufa Unguja mimi sijazaliwa, na Bibi hamtaji kwa mzaha. Nikamshika mkono. Ndiyo ule mkono niliokwambia.

"Bibi. Umejidunga sindano?"

"Nimejidunga."

"Saa ngapi?"

"Kule kwenye samaki. Si tulikuwa tunakula?"

"Mbona ulisema umeshiba?"

Akanitazama kwa taabu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Nisemeje, nna njaa?" akasema. "Mbele za watu?"

Nikampigia Baba, simu imezimwa, yuko mkutanoni. Nikamwaga mkoba wangu njiani: waya wa simu, mafuta ya midomo, chingamu. Chingamu isiyo na sukari. Niliisoma mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Mzee muuza vifungo akatoka na kigoda, akamkalisha Bibi, akaleta maji. Nikamwonyesha kwenye simu neno sukari. Akatafuta mezani kwake, akafungua droo, vifungo, akafungua nyengine, vifungo. Akanyoosha mkono kule tulikotoka.

Kumwacha Bibi pale nikimbie, sikuweza. Kumbeba, sikuweza. Nikamshika kiunoni, yule mzee akamshika upande wa pili akaacha duka lake wazi, tukarudi. Njia ile ile, zipu, vitambaa. Bibi miguu anaiburura, anaongea na Zeyana, na mimi nasoma kila sura ninayoijua, nachanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini Baba. Nikawaza pia nitakavyolala usiku ule kwenye kitanda chetu na shungi lake lililokunjwa, mwenyewe hayupo.

Yule mama wa samaki alituona kutoka mlangoni. Nilikuwa nimeshajitayarisha kumwomba radhi, sikupata nafasi. Alimpokea Bibi, akamvua viatu mwenyewe, akamwegemeza ukutani, nami nikamwonyesha lile neno kwenye simu. Akarudi na bakuli la maji matamu baridi, punje za wali zinaelea juu.

Bibi akainua kiganja. Katika hali ile, mwanangu, macho hayaoni vizuri, Bibi yangu akainua kiganja akasema, "La, ahsante, nimeshiba."

Yule mama hakujua Kiswahili hata herufi. Akaliweka bakuli mdomoni mwa Bibi, akamshika kichwa kwa nyuma, akamnywesha mpaka chini. Akaleta la pili.

Nikakaa namtazama midomo. Jasho halikauki. Mzee wa vifungo amesimama mlangoni hataki kwenda wala kuingia. Samaki kwenye meza ya jirani anapoa, wale waliomwagiza wameacha vijiti vyao chini, wanatutazama. Nikahesabu pumzi za Bibi, nikapotea, nikaanza tena. Mwisho akafumbua macho, akaangalia chini.

"Shamsa," akasema. "Umepanda na viatu kwenye jamvi la watu?"

Nikalia hapo hapo, na viatu vyangu.

Samaki wakaja, wawili, sikuagiza. Yule mama akapiga magoti pembeni ya Bibi, akawa anatoa miba kwa vijiti na kumwekea nyama juu ya wali, kipande baada ya kipande, haulizi. Bibi akala wote. Alipomaliza ndipo alipopata nguvu za kunigombeza, na alizitumia zote.

"We mtoto, umelelewa wapi? Mtu mzima anaulizwa utakula? Ajibu nini, ndiyo, nipe? Mimi mlafi? Mtu anakaa, anaekewa."

"Lakini Bibi, ungesema tu umejidunga."

"Nami nilijua mjukuu wangu atanibembeleza." Akajifuta vidole. "Ukaniuliza mara moja, ukaniitikia. Nikasema, haya, labda mtoto pesa hazimtoshi."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Alivumilia njaa ili asiniaibishe, na mimi nina kadi ya Baba mfukoni. Akaniambia nisimwambie Baba. Nilimwambia jioni ile ile. Baba akauliza jambo moja tu:

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

Akashika kichwa.

Utajiri tuliula siku ya mwisho, wenyeji wa Baba walitualika kwenye hoteli, ghorofa ya juu, mji wote uko chini. Vyakula vinakuja vidogo vidogo kwenye sahani kubwa, kama wamevipima kwa kidole. Bibi akawatabasamia wenyeji, akasema ameshiba. Nikamwekea. Akanitolea jicho. Nikamwekea tena. Akala, na nilimtazama mpaka kila sahani ikawa nyeupe. Mimi mwenyewe siku ile sijui nilikula nini.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe ambaye siku moja utaachiwa mzee wako mahali msipojulikana. Ukiwa na pesa kidogo au nyingi, dukani kwenye kona au juu hotelini, usimuulize mtu mzima kama ana njaa. Agiza, mwekee, msogezee. Orodha ya bei isome wewe, yeye asiione. Jambo la kumuuliza ni sindano: umejidunga, saa ngapi, na hilo muulize hadi akuchoke. Tia pipi za sukari mkobani, sukari ya kweli. Na ukikuta mwenye mkahawa anakunyooshea vidole viwili, kaa chini.

Mungu akuwekee wazee wako, akupe na mkono mzito wa kupakua.