Kalondu Apata Hati Yake ya Talaka

Kalondu ni fundi wa nguo sokoni Kikima. Mumewe, Nzioka, aliyefunga naye ndoa kanisani, alimwacha miaka sita iliyopita akaenda kuishi na mwanamke mwingine huko Migwani. Kalondu akabaki kwa mama mkwe wake, Kalekye, akiitwa mke wa mtu ambaye hata simu hapigi.

Watu walikuwa wamemwambia kwamba mume asipokubali kutia sahihi, hakuna talaka. Aliamini hivyo mpaka siku moja alipokuwa akimpima nguo mteja wake, karani wa mahakama.

"Nani alikudanganya?" karani akamuuliza. "Lazima apelekewe karatasi, ajue umemshtaki. Kukubali si lazima. Mume akikutoroka miaka mitatu, hiyo ni sababu tosha. Cheti cha ndoa unacho?"

Hakuwa nacho. Nzioka aliondoka nacho. Kalondu akaomba nakala kwa msajili wa ndoa, wakili akamwandikia ombi na hati ya kiapo, na mpelekaji wa karatasi za korti akamfuata Nzioka hadi Migwani. Nzioka alizipokea, asijibu lolote. Siku za kujibu zikaisha, kesi ikapangiwa tarehe.

Jambo lililomtisha Kalondu kuliko korti lilikuwa kumwambia Kalekye. Alimwambia wakipepeta ndengu uani, macho yake yakiwa kwenye ungo.

Kalekye aliendelea kupepeta. "Wanataka shahidi?"

"Wakili anasema ingefaa, mwaitu," Kalondu akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Basi nitaenda. Mimi ndiye niliyemwona akibeba sanduku."

Siku ya kesi, Kalekye alishika Biblia akaapa. "Mtoto ni wangu," alimwambia hakimu, "na ni yeye aliyetoroka. Huyu amekaa na mimi miaka hii yote. Mwachilieni apumzike."

Kalondu, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, akalia palepale.

Hakimu alitoa amri ya awali ya kuivunja ndoa. Mwezi mmoja ukapita, kisha ikatoka ile ya mwisho, yenye muhuri. Kalondu aliisoma nje ya masjala, akaisoma tena, halafu akaketi kwenye benchi kando ya Kalekye. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua mtungi wa maji baada ya mlima.

"Sasa utahama?" Kalekye akauliza polepole.

"Niende wapi, mwaitu? Simama tukatafute chai."