Ushuhuda wa Mpaka Rangi

Weka dau. Weka simu, weka viatu, weka hata zamu yako ya bafu hapo ulipopanga: utakayoyasikia hapa hutayaamini. Jamaa waliosoma mpaka makalio yakaota sugu kwenye madawati wameyasikia, wakasema nimetunga. Sasa mtu aliyekimbia shule mapema kama mimi atatunga nini? Kutunga kunataka akili. Mimi nina mdomo tu, ingawa mtaa mzima hauna wa kushindana nao.

Kulikuwa na seremala nyuma ya soko, watu wakimwita Fundi Mwisho. Alitengeneza majeneza, na ukishafikishwa kwake huhitaji tena fundi mwingine. Jina hilo halikumuudhi. Mfiwa akiingia uso umevimba kwa kulia, Fundi Mwisho humkalisha kwenye kigoda, humpa maji, humwacha apumue, kisha humuuliza, "Mzee alikuwa anakoroma? Niambie mapema niweke mbao nene, majirani zake wapya wasije wakalalamika." Na mfiwa, machozi yakiwa bado yanamtiririka, hucheka. Wapo waliocheka, na yupo aliyemrushia kile kigoda.

Mambo yalianzia kwa binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa upande wa pili wa mji. Binti alipopata mimba ya kwanza, Fundi Mwisho alimchongea mjukuu kitanda kidogo chenye vijiti vya mviringo ubavuni, akakipeleka mwenyewe kwa mkokoteni. Kesho yake mkokoteni ulirudi, kitanda kikiwa juu, kimefunikwa shuka kama kitu cha aibu. Mama mkwe wa binti alikuwa amesema mkono unaozika watu hautamlaza mjukuu wake.

Binti akapiga simu. "Baba, usikasirike."

"Nani kakasirika? Miaka yote sijawahi kurudishiwa bidhaa. Nimefurahi kuiona tena."

"Baba, acha utani kidogo. Mama mkwe amesema ukiiacha ile kazi kabisa, nikijifungua atanileta nikae kwako na mtoto. Usipoiacha, hapo kwako sikanyagi."

Fundi Mwisho akaigeukia nyumba yake. Mkewe alikuwa ameshafariki, na nyumba ilibaki yake na vumbi la mbao. Alitaka mtoto alie ndani ya nyumba ile, amnyime usingizi, amkojolee shati. Hakuwa na ombi lingine duniani. Wiki ile ile akashusha kibao cha dukani, na wateja akawaelekeza kwa mafundi wengine. Kuanzia hapo, akatangaza, ni vitanda vya watoto tu.

Majirani walimwangalia, wakaangalia vitanda, wakapita. Nani amlaze mtoto wake kwa Fundi Mwisho?

Ndipo akaingia shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, muuza viatu wa mtandaoni. Walimwita Kidole, kwa sababu hata akila, kidole kimoja kilibaki kwenye simu.

"Shemeji, huku mtaani umeshaharibu jina," akamwambia. "Mtandaoni hakuna anayekujua. Kule wewe ni mchanga kama hao watoto wenyewe."

"Na hii sura yangu?"

"Sura tutaificha. Tunauza vitanda, hatutishi watu."

Wakafungua ukurasa. Fundi Mwisho alitaka uitwe Lala Salama. Kidole akainua macho kwenye simu. "Shemeji, si ndiyo maneno unayochonga kwenye vifuniko?" Wakaandika Usingizi Mwanana.

Kwa picha ya kwanza, fundi alijituma peke yake. Alitaka kitanda kionekane laini, na njia aliyoijua ya kukilainisha ni moja: akakitandika ndani satini nyeupe, akaikunja marinda pande zote, akaipigilia misumari midogo ya dhahabu. Mtu wa kwanza kuandika chini ya picha akauliza, "Kifuniko kinauzwa pembeni?" Kidole alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Fundi naye alicheka. Kisha akachukua koleo, akang'oa satini yote, msumari baada ya msumari.

Biashara ya mtandao, kwa asiyeijua, ni kama kusimama uwanjani usiku umewashiwa taa wewe peke yako, na hujui kama majukwaani kuna watu. Kila asubuhi fundi aliweka picha. Kitanda kwa mbele, kitanda kwa ubavu, kitanda na ua pembeni. Laiki zilikuwa mbili, ya Kidole na ya binti wa fundi. Simu ikiita mlio wa ujumbe, anaangusha randa, anakimbia; anakuta kampuni ya simu inamkumbusha kununua bando. Na wakati huo huo mlango unagongwa, mtu amefiwa, pesa mkononi, anaomba. Fundi anasema hapana, anamwelekeza njia, anarudi kukaa katikati ya mbao zake na kutazama kioo cha simu kilichozimika.

"Shemeji, nimechoka," akasema siku moja. "Wafu hawakunisumbua hivi. Wao hawaulizi bei halafu wakanyamaza."

"Mimi jozi yangu ya kwanza nilijiuzia mwenyewe, nikajiandikia na asante."

"Kwa hiyo ushuhuda wako ni wa uongo."

"Uongo wapi? Nilikuwa mteja mwaminifu sana." Akamvuta bega. "Weka picha ya leo. Kesho uweke ya kesho. Ukiacha, binti yako utamwambia nini?"

Akaweka. Alishika masharti yote ya Kidole: weka picha kila siku, jibu haraka, usioneshe huzuni, na mteja akishanunua umfuate, umuulize anaendeleaje, umuombe ushuhuda. Hili la mwisho lilimshinda kuelewa. Katika kazi yake ya zamani mteja hapigiwi simu kuulizwa kama bidhaa imemkaa vizuri.

Halafu ukaingia ujumbe. "Habari fundi. Naweza kupata kitanda ambacho hakijapigwa vanishi? Mimi ni mpaka rangi wa nyumba, nataka kukipaka mwenyewe. Ni mtoto wetu wa kwanza."

Fundi Mwisho aliusoma kwa sauti mpaka muuza mkaa jirani akamwomba apumzike. Alikitengeneza kitanda kile kama mtu anayejifungua. Alipiga msasa mnene, akapiga mwembamba, kisha akapitisha shavu lake kwenye kila kijiti, asije akaacha mahali pa kumchoma mtoto. Kikafungwa kwenye pikipiki, kikaondoka. Mpaka rangi akajibu neno moja: "Kizuri."

Fundi akampigia binti yake. "Mwanangu, baba yako sasa ni mfanyabiashara."

"Nimeona picha. Nimemwonyesha mama mkwe, amekisifu. Hajui ni chako."

"Usimwambie. Wakifika wateja watatu, nitakuja kumwambia mwenyewe, nimevaa tai."

"Huna tai, baba."

"Nitanunua mtandaoni."

Baada ya hapo akaanza kumfuata mteja wake, kama alivyofundishwa. Akamwandikia, "Mtoto analalaje?" akaweka na kile kikatuni cha uso unaocheka. Kimya. Wiki ikapita. "Mtoto analalaje? Tutafurahi kupata picha." Kimya, ingawa simu ilionyesha kwamba ujumbe umesomwa. Kidole akasema wateja ni wasahaulifu, mkumbushe kwa mzaha. Mzaha ndiyo kazi yake, jamani. Akaandika, "Au kitanda kimekuwa kitamu mpaka baba ndiye analala humo?"

Simu ililia adhuhuri, wakati Kidole yupo dukani anapanga vitanda vya kupiga picha.

"Fundi," sauti ikasema, "mimi ni mpaka rangi."

"Mteja wangu wa kwanza. Nilidhani umenihama."

"Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Wakamweka hospitali kwenye mashine ya joto. Meseji zako nilikuwa nazisomea kule kwenye benchi. Amefariki leo alfajiri. Kitanda hakukilalia hata mara moja."

Fundi Mwisho akakaa kwenye kigoda.

"Nina ombi," sauti ikaendelea. "Najua wewe ni fundi wa vitanda na jambo hili ni zito, ukikataa sitakulaumu. Nataka zile mbao zimtengenezee jeneza. Nimeelekezwa kwa fundi mmoja hapo nyuma ya soko, wanamwita Mwisho. Simtaki. Wanasema anawafanyia watu mzaha. Nataka aliyemtengenezea kitanda, aliyekuwa anamuulizia."

Kidole alikuwa amesikia. Akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akanong'ona, "Mwambie huwezi. Shemeji, mwambie huwezi."

Angeweza kusema hivyo. Ukurasa ungekuwa salama, na binti angekuja.

"Huyo Mwisho ni mimi," akasema.

Kidole akajishika kichwa.

"Kitanda pia ulitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Na meseji?"

"Mimi. Nisamehe kwa ile ya mwisho."

"Mke wangu alicheka ile ya mwisho," mpaka rangi akasema. "Hakuwa amecheka tangu tuingie hospitali. Nakuletea mbao."

Alikuja nazo begani, kitanda kimefunguliwa na kufungwa kamba. Alikuwa amekipaka njano. Kwenye ubao wa kichwani alikuwa amechora ndege mweupe, bawa moja limekamilika, jingine ni mstari tu. Alieleza kwamba alikuwa katikati ya kazi alipoitwa hospitali. Kisha akakaa nje, mgongo ukutani, akitazama rangi iliyokauka kwenye kucha zake.

Fundi Mwisho hakuiparua ile rangi. Alikata, akaunga, akapiga gundi mahali ambapo angepiga misumari. Ndege akamweka upande wa ndani, kichwani. Mtu aliyewahi kumchekesha mjane makaburini hakupata neno hata moja la kumwambia kijana yule. Alitoka, akamkabidhi, akamshika mkono, wakaachana.

Siku chache baadaye Kidole alikuja mbio, simu mkononi. Kwenye ukurasa wa Usingizi Mwanana palikuwa na ushuhuda, nyota zote tano:

"Fundi huyu alimtengenezea mwanangu kitanda, na alipofariki akamtengenezea jeneza kwa mbao zile zile. Ana mikono safi na moyo mzuri. Lilimtosha vizuri. Asante."

"Nipe simu yako nifute," Kidole akasema. "Kijana ana nia njema, lakini amekumaliza. Hakuna mama mjamzito atakayesoma haya akanunua kitanda."

"Uliniambia niombe ushuhuda."

"Shemeji, si huu."

"Nimeuomba mara tatu. Mtu ameinuka kwenye msiba wake akaniandikia. Niufute nimwambie nini, kwamba mwanawe ananiharibia biashara?"

Kidole akachukua ufagio, akaanza kufagia maranda ambayo hakuna aliyemwomba ayafagie.

Ushuhuda ukabaki, na watu wakautumiana, wakiambiana kwamba fundi mwenyewe ndiye Mwisho. Jioni binti akapiga simu.

"Mama mkwe ameusoma, baba."

"Na wewe?"

"Nimeusoma. Nimelia." Akavuta pumzi. "Amesema nisije."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nina mtoto tumboni, baba."

"Haya, mama. Pumzika. Kunywa maji mengi."

Mjukuu alizaliwa salama, wa kiume. Fundi Mwisho alimwona kwenye simu, amelala katika kitanda cha chuma cha dukani, ngumi zote mbili zimekunjwa. Akaitazama picha mpaka kioo kikazima, akakiwasha, akabonyeza laiki kama watu baki wengine. Kibao cha zamani alikirudisha juu ya mlango. Vile vitanda vilivyobaki vimepangwa ukutani, na kila asubuhi, kabla hajashika randa, bado anapiga picha kimoja na kuiweka. Kidole humpa laiki. Binti pia.

Wateja wanaokuja sasa ni wazazi waliofiwa na watoto wao, kwa sababu ya ule ushuhuda. Wanataka yule fundi wa mbao za njano.

Ila mpaka rangi aliandika jambo moja lisilo kweli, kwa wema tu. Jeneza lilimzidi mtoto. Fundi aliona vibaya kumuuliza baba yake urefu, akakata kwa kipimo cha mtoto aliyetimiza miezi, na wakalazimika kujaza shuka miguuni. Alikosea kipimo.