Walipomwomba Binti Yangu kwa Siasa

Nimeshona vikwembe vya vyama vyote: chama kinachotawala, chama kinachongoja kutawala, na vile vyama ambavyo wanachama wake ni mwenyekiti na mke wake. Wanakuja kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, na kitambaa chenye uso wa mkubwa wao, na agizo lao ni moja: uso usikatwe, tena usiangukie makalioni. Basi nimweke wapi? Kifuani, mama, wananijibu. Namweka kifuani. Uchaguzi ukipita nakutana na kitambaa kile kile sokoni, mama mmoja amembebea mtoto mgongoni, na mkubwa ametapikiwa maziwa.

Shule yangu ya siasa ilikuwa hiyo tu, mpaka binti yangu alipoingia chuo kikuu kusoma sayansi ya siasa. Mimi niliishia mwaka wa tano wa shule ya msingi, na si kwa kupenda.

Ana somo moja juu ya itikadi za kisiasa za siku hizi. Jioni, umeme ukiwapo, mimi nashona, yeye anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ananisomea silabusi, kijitabu cha somo lake, kwa Kifaransa, kisha anaigeuza kwa Swahili yetu. Anasema akiweza kumweleza mtu asiyesoma, mtihani hautamsumbua. Ndivyo nilivyoujua uliberali, na ujamaa, na utaifa, na federalizimu, ile ya kila jimbo lijitawale. Sikuwa mwanafunzi mzuri. Nani aliandika, aliandika lini, yote yalinipita. Kila itikadi niliiuliza kitu kimoja: mimi itaniweka wapi?

"Uliberali unasema kila muntu iko huru, na mali yake ni yake," alinisomea.

"Mali ya mama yangu ilikuwa yake. Waliibeba mchana, jua kali."

"Mama, ile haikuwa uliberali."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa bantu babaya."

"Bantu babaya beko kila siku. Ile mwaka walitufukuza njo walipata maneno ya kusema."

Ujamaa uliposema wafanyakazi wote ni ndugu, nilisimamisha mashini kabisa. Baba yangu alikuwa mfanyakazi. Waliomtoa nyumbani walikuwa wafanyakazi wa zamu yake, kofia zao na yake rangi moja. Binti alicheka, akaandika pembeni ya karatasi kwamba hoja hiyo ataiweka kwenye mtihani. Nikamwambia aandike na jina la kapita, msimamizi wao aliyewatangulia. Akakataa: profesa hatafuti jina, anatafuta hoja.

Hapo ndipo tunapogombana kila mara. Yeye anatafuta hoja, mimi natafuta watu. Humu nitawaacha bila majina, lakini wenyewe watajijua.

Tulikaa kambi ya mgodi, upande wa Kambove. Babu alitoka Kasai akaja kufanya kazi ya reli. Baba alizaliwa hapa, nami nilizaliwa hapa. Kambini palikuwa na utani. Watu wetu na watu wa kaskazini ya Katanga walitukanana asubuhi mpaka jioni, na aliyekasirika ndiye aliyeshindwa. Kapita wa zamu, msimamizi wa baba, alikuwa mtani wake mkubwa. Akipita mlangoni tukila ugali, alipiga kelele: "Ile bukari yenu ya njano, munapikiaka nguruwe?" Baba alimjibu: "Tunakupikia weye, kuja kula." Bibi yangu alipokufa, kapita alilala chini mbele ya sanduku la maiti, akasema bibi haendi kaburini mpaka yeye apewe kuku. Kilio kizima kilicheka, hata mama aliyekuwa analia.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakubwa wakaanza kuhutubia kwamba nchi ina wenyewe, na watu wa Kasai warudi kwao. Kapita akaanza kupita mlangoni na neno jipya.

"Bilulu, munarudia lini kwenu?"

Bilulu ni wadudu, wale wanaotafuna shamba. Baba alicheka. "Chef ya bilulu njo weye," akamjibu, yaani mkubwa wa wadudu ndiye yeye. Juma lililofuata kapita alirudia, baba akacheka tena. Mama alimwambia baba kwamba macho ya yule mtu hayacheki. Baba akasema mtani ni mtani, ukikasirika umeshindwa. Ujinga wetu ulikuwa huo, na sijui kama kuna watu wengine wangeufanya: mtu anajitayarisha kukufukuza, anakwambia mdomoni kwamba anakufukuza, wewe unafurahi kwamba bado anakutania.

Siku waliyokuja kututoa, kapita alikuwa mbele. Alibisha hodi kama kawaida yake. Mwalimu wangu wa mwaka wa tano alisimama barabarani, akiwaonyesha vijana nyumba ipi ni ya nani, kwa sababu yeye alitujua watoto wote na makwetu. Mke wa jirani, aliyemnyonyesha mdogo wangu wakati mama alipougua, aliondoka na mashini ya kushonea ya mama kichwani. Nawataja hao watatu. Waliohutubia walikuwa mbali, na kila mtu huwataja hao wa mbali, kwa sababu hutakutana nao dukani.

Tulilala stesheni, watu wengi mno, tukingoja treni ya kwenda Kasai. Mdogo wangu aliharisha akafa pale pale, tukamzika nyuma ya reli. Baba alifika Kasai, nchi asiyoijua, na sikumsikia tena akimtania mtu.

Nilirudi Katanga mtu mzima, nikaolewa Lubumbashi na mtoto wa mtu wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mtu mwema, sasa ni marehemu. Kwa hiyo binti yangu kwa upande wa baba ni mtu wa hapa. Kwa upande wangu ni mdudu. Ndiyo maana sikushangaa walipomtaka. Niliogopa.

Aliyekuja ni asistanti, msaidizi wa profesa katika kitivo chao, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, anakaa Golf, mtaa wa wenye pesa. Alikuja Jumamosi na mama wawili wa chama chao na kreti ya soda, kama watu wanaokuja kuposa. Chama chao kinataka federalizimu, mali ya jimbo ibaki jimboni. Walikuwa na mkutano mkubwa mbele yao, na walitaka msichana msomi awe msemaji wao.

"Hatuwezi kumupandisha jukwaani bila baraka ya mama yake," asistanti alisema, mikono miwili juu ya magoti. Adabu alikuwa nayo.

"Federalizimu ninaijua," nikamwambia. "Niliisoma."

Mama wawili walitazamana. Binti yangu alitazama chini.

"Mukisha kukamata jimbo, mimi mutaniweka wapi?"

"Mama, weye usiogope. Weye uko muke wa kwetu."

"Bwana yangu alikufa."

"Basi uko mama ya mutoto wa kwetu."

"Na ule asiyezaa mutoto wa kwenu?"

Hakukasirika. Alinieleza polepole kwamba federalizimu ni namna ya kugawa madaraka, nchi nyingi zinayo, na hakuna mahali inaposema mtu afukuzwe. Binti yangu akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli, mama. Iko vile mu silabusi." Nami nilijua ni kweli, maana alikuwa amenisomea.

Angeinuka akaenda zake wakati ule, labda ningewapa baraka. Lakini aliinuka akicheka.

"Ao mama anaogopa treni? Ile yenu ya Kasai ilikuachaka?"

Mama wawili walipiga makofi kwa kicheko. Binti yangu naye alicheka, kicheko kidogo cha mtu anayeogopa kuonekana amekasirika. Nilikuwa nimeshakisikia kicheko kile kwa baba, kwenye mlango wetu wa Kambove. Nikawaambia wachukue soda zao.

Walipotoka, binti alinigeukia.

"Umeniaibisha. Alikuwa anakutania tu!"

"Njo vile inaanzaka."

"Mama, wazo si muntu. Federalizimu inaweza kuwa muzuri hata kama asistanti iko mubaya."

"Nionyeshe wazo lililofika kwa nyumba ya watu bila muntu kulileta."

"Na ule muntu akileta wazo la muzuri, utafunga mulango?"

Hasira ilinipanda. Nikamwambia alitoka tumboni mwangu, si wa kwao, ni wa kwetu, damu yake ni ya wale waliolala stesheni.

"Unasikia vile unasema?" akaniuliza. "Kapita alikutoa upande wake, asistanti ananiweka upande wake, na weye pia. Kila muntu anajua mimi niko wa nani."

Nilizungusha gurudumu la mashini, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Juma zima hakunisomea kitu. Alikuwa na tangazo la chama chao, akilisoma peke yake na kalamu mkononi, uso ameukunja. Nilimwangalia kama ninavyomwangalia mteja anayechagua kitambaa bila kuuliza bei. Nilimshuku, binti yangu mwenyewe. Niliona labda amekwisha kubali, anatafuta tu namna ya kuniambia.

Jumapili ya pili, baada ya misa, asistanti alikuja getini kutaka jibu. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikasogea nyuma ya mashuka nisikie.

"Nilisoma tangazo lenu," binti alimwambia. "Munasema 'mwenye inchi' kila mustari. Hamusemi ni nani. Hamusemi nani ataamua ni nani. Nikiandika vile mu mtihani, profesa ananipa sifuri. Siwezi kupanda jukwaani na kintu kama ile."

Asistanti alicheka. "Eh, binti ya Kasai! Kichwa ngumu kama mama yake."

Jumamosi ile binti yangu alikuwa mtoto wa kwao. Sasa alikuwa binti wa Kasai. Safari hii binti hakucheka. Alimtazama tu, mpaka asistanti mwenyewe akatafuta funguo za gari mfukoni.

Niliacha nguo nikamwendea nikitaka kumkumbatia. Alininyooshea mkono nisimame.

"Usifurahi, mama. Sikukataa juu ya kapita wako. Nilikataa juu tangazo lao ni mubaya. Akikuja mwingine na kintu kilichoandikwa muzuri, nitamusikiliza."

"Sawa," nikasema.

Si sawa. Huyo mwingine ndiye ninayemwogopa. Wa kwanza alijivua kinyago mwenyewe kwa sentensi moja pale getini. Wa pili atakuwa amesoma silabusi ile ile, atajua nitamuuliza nini, hatanitania. Atakaa kwenye kiti changu, atanipa jibu zuri, na binti yangu atakuwa na haki ya kulipenda.